Nilivyolowesha Pamba ya Kampuni

Nilikojoa kwenye pamba ya kampuni. Naanza na hilo ili liishe, maana nikilichelewesha mtakuwa mnasoma huku mnajua kuna kitu nakizungukazunguka. Sikukojoa pembeni ya pamba, wala ukutani. Nilikuwa nimelala juu ya lundo lenyewe, pamba safi, siyo fifi ile chafu ya daraja la pili, nikakojoa usingizini kama mtoto anayenyonya. Mimi baba wa watoto wanne, mwenye sharubu, mshika mzani, mtu anayeitwa karani hata na wazee waliomuona akizaliwa.

Na hiyo bado siyo aibu yenyewe. Aibu yenyewe ni kwamba nilipoulizwa, nikasema nimeiba.

Jina langu Masalu. Shule niliishia darasa la sita, la saba nililiona dirishani nikipita na ng'ombe. Kwa hiyo mkikuta mahali sentensi imepinda, mjue binti yangu Nkwimba, ambaye ndiye anayenisahihishia, alikuwa amechoka. Naandika kwa sababu kila Jumatano nakwenda kliniki ya sukari hapa Bariadi, na kila Jumatano namuona mtu mpya kwenye benchi, amekaa amebana mapaja, anaangalia sakafu. Mimi namjua yule mtu. Nataka nimwambie ya kwangu ili ya kwake yamtoke mapema.

Wakati huo Simiyu haikuwepo, sisi tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Ilikuwa miaka ile makampuni ya watu binafsi yameruhusiwa kununua pamba. Zamani ilikuwa chama cha ushirika peke yake, unapeleka pamba yako, unangoja hela mpaka unasahau ulikuwa unangoja nini. Ghafla makampuni yakaja na mapikapu na mizani mipya na hela mkononi. Kila kijiji kituo, vingine viwili vinatazamana kama wake wenza. Mimi nilikuwa nimewahi kufanya kazi ya kupima kwenye ushirika, kampuni moja ikanichukua, ikaniweka kituo cha njia ya kwenda Lagangabilili. Nilikuwa napima, naandika, nalinda. Kulinda maana yake kulala juu ya pamba. Asiyewahi kulala juu ya pamba hajalala. Godoro la mjini ni jiwe tu.

Kituoni tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Shija, rafiki yangu tangu tunachunga, kazi yake kushindilia na kushona magunia kwa ile sindano ndefu ya chuma. Shija ni mtu wa maneno machache na ng'ombe wawili wa kulimia, na ukimuuliza habari zake atakupa kwanza habari za ng'ombe.

Msimu ule ndio nikaanza kiu. Siyo kiu ya kawaida. Nilikuwa namaliza dumu la maji kabla jua halijasimama, na bado ulimi umekauka kama ngozi iliyoanikwa. Ng'ambo ya kituo kulikuwa na duka la mama mmoja, na soda wakati huo zilikuwa zimejaa tele, baada ya miaka ya kuziona kwenye harusi tu. Nikahamia kwenye soda ya machungwa. Naimaliza nimesimama, nataka nyingine. Kadiri ninavyokunywa ndivyo kiu inavyozidi, na mimi kwa akili yangu ya darasa la sita nikaona dawa ya kiu inayozidi ni soda zaidi. Wakulima kwenye foleni walikuwa wananitazama wanasema karani ameukata, anakunywa soda kama maji. Mimi nikawa najisikia.

Huku suruali inalegea. Nilitoboa mkanda tundu la kwanza, nikatoboa la pili, mwisho Shija akanipa kamba ya gunia. Akasema, "Masalu, hela za kampuni zinakuingia halafu zinatokea wapi?" Nikamwambia zinatokea chooni. Tukacheka. Ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nakwenda haja ndogo mpaka njia ya kwenda chooni ikawa nyeupe kwa miguu yangu. Nikaanza kukwepa, naenda huku na kule watu wasihesabu.

Asubuhi moja kumekucha nikaamka nimelowa. Kwanza nikadhani paa linavuja. Halafu nikakumbuka ni kiangazi.

Sasa lazima mjue kitu kimoja cha biashara ya pamba ili muelewe ujinga wangu. Pamba ikilowa inakuwa nzito. Kwa hiyo watu walikuwa wanaimwagia maji: wakulima wanalowesha kabla ya kuleta, na makarani nao wanalowesha ikishanunuliwa, halafu ule uzito wa ziada wanauandika kwa jina la shemeji, shemeji anachukua hela. Makampuni yalikuwa yamechachamaa. Yetu ilikuwa na mkaguzi tuliyemwita Bwana Unyevu, maana akishuka tu kwenye pikapu anachomeka mkono kwenye lundo mpaka kwenye kiwiko, anafumba macho, kama mkunga.

Na asubuhi hiyohiyo akaja. Mimi nipo nageuzageuza pamba nipate kuianika, suruali nimeshabadilisha. Wakulima wameshapanga foleni. Shija ameshanisaidia kujaza gunia moja bila kuuliza kwa nini nina haraka. Bwana Unyevu akachomeka mkono. Akafumbua macho.

"Nani ameweka maji humu?"

Nikaona njia mbili tu mbele yangu. Nikisema ukweli, nitaitwa mkojozi kuanzia hapo mpaka Mwanhuzi, na watoto wangu wataitwa watoto wa mkojozi. Nikisema nimeiba, nitafukuzwa kazi, lakini kufukuzwa ni kitu cha wanaume. Nikasema, "Mimi, bwana. Nimeongeza maji."

Bwana Unyevu akanusa vidole vyake. Akanitazama. Akavifuta kwenye shati lake, hapa kifuani, taratibu. Mpaka leo sijui kama alijua. Nilifukuzwa palepale, na wakulima, badala ya kunizomea, wakanishika mkono mmojammoja. Miaka yote makarani wamewaibia wao, leo karani ameiibia kampuni. Mzee mmoja alinipa kuku. Nikaenda nyumbani nina kuku kwapani kama mtu aliyeshinda ngoma.

Nyumbani haikuwa ngoma. Mke wangu Kabula alikuwa muimbishaji wa kwaya kanisani, yule anayetangulia sauti wengine wanafuata. Habari ilimfikia kabla yangu. Alichinja yule kuku, akapika, akatupakulia sisi, yeye hakula. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mwisho na hakuimba. Kaka yake Mhoja akaja, akaniambia mbele ya watoto kwamba dada yake hakuozwa kwa mwizi, na kama ng'ombe za mahari zinahitajika kurudi, zitarudi. Neno moja tu lingetosha kumnyamazisha, na neno hilo nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza na maji.

Usiku nikahamia kulala jikoni. Nilimwambia Kabula kuna joto. Kabla hajaamka nilikuwa nimeshatoa majani niliyolalia na kutandika mengine. Niliendelea kukonda. Miaka ile mtu akikonda watu wanakuwa na jina moja tu la ugonjwa, na hawalitamki, wanalisema kwa macho. Siku moja Kabula anapepeta mtama, hanitazami, akauliza, "Umeniletea?" Nikasema hapana. Akaendelea kupepeta. Mwizi akisema hapana, nani anamuamini.

Baba yangu yeye hakuwa na shaka. Alisema nimerogwa na karani wa kituo cha jirani. Akanipeleka kwa nfumu mmoja huko Meatu, mganga mwenye jina, safari ya siku mbili na ng'ombe wa kulipia yuko mbele yetu. Sitaki kumsema vibaya mtu yule, alinipokea vizuri, na alinihurumia kweli. Lakini dawa yake ilikuwa mizizi iliyochanganywa na asali. Asali ya nyuki wadogo, nzito, unalamba asubuhi na jioni. Ndiyo dawa pekee maishani mwangu niliyoomba niongezwe. Nilirudi nyumbani naona ukungu, miguu inawaka moto, na mama akinisalimia mwadila, naitikia bila kujua ni yeye.

Mvua za kwanza zikanyesha, watu wakaingia mashambani. Shija akaja na ng'ombe wake kutulimia, maana mimi nilikuwa sifai. Nikasema nitashika kamba niongoze ng'ombe, angalau nionekane. Tuliingia mstari mmoja, tukarudi. Kwenye mstari wa pili nikaanza kutapika, pumzi ikawa ndefu, navuta kama mtu aliyekimbia kutoka Kiloleli. Nikakaa kwenye udongo. Nakumbuka ng'ombe mmoja alinigeukia akanitazama, halafu sikumbuki.

Yanayofuata mengine nilisimuliwa na mengine niliyasikia mwenyewe, maana nilikuwa nazama na kuibuka. Shija alifungua plau, akafunga mkokoteni. Baba akapanda, Kabula akapanda, mimi nikalazwa kwenye majani. Njiani watu walikuwa wanasogea kutazama, wanasema amekunywa gongo, maana pumzi yangu ilikuwa na harufu ya matunda yaliyovunda. Mchana tukafika hospitali mjini Bariadi. Benchi limejaa, watoto wanalia, msimu wa malaria. Nesi aliponiinamia akauliza huyu amekunywa nini. Baba akasema amerogwa. Kabula akasema malaria. Shija alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

Daktari alikuwa mtu wa Busega, Msukuma mwenzetu, mfupi, shati limelowa kwapani. Wagonjwa waliozimia siku hiyo wote walikuwa wa malaria, na dawa ya malaria ilikuwa kwinini ndani ya dripu ya maji ya sukari. Chupa alikuwa ameshaishika. Nakumbuka jua la dirishani limeingia ndani ya chupa. Lakini akainusa pumzi yangu, akasimama.

Akasema, "Nikitundika hii kumbe nimekosea, hatutakuwa na nafasi ya kurekebisha. Niambieni. Anakunywa maji sana? Anakojoa sana?"

Kabula akasema hapana. Alikuwa anasema ukweli anaoujua, masikini. Baba akasema mwanangu siyo mtu wa kukojoakojoa. Mimi nilikuwa nasikia. Naapa nilikuwa nasikia. Nilitaka kusema, ulimi ukakataa, na sehemu fulani ndani yangu, Mungu anisamehe, ilishukuru kwamba ulimi umekataa.

Daktari akanyanyua chupa. Ndipo Shija akasema kutoka mlangoni, "Dokta, huyu siyo mwizi."

"Nani amesema ni mwizi?"

"Yeye."

Daktari akamgeukia. Shija akageuza kofia mkononi, akasema polepole, kama anayetoa ushahidi barazani, "Alikojolea pamba ya kampuni. Gunia lile nilishona mimi. Kesho yake lilijaa sisimizi, na magunia ya pembeni hakuna hata mmoja. Maji hayaiti sisimizi. Na njia ya chooni pale kituoni ameichimba kwa miguu."

Nilitamani kufa. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nakufa kweli, na bado nilitamani kufa kwa ajili ya aibu, mbele ya baba na mke na nesi. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuwa mpumbavu hadi dakika ya mwisho.

Daktari aliweka ile chupa chini. Wakanitoa mkojo, siku hiyo haukuwa taabu kuupata, wakauchanganya na dawa ya bluu kwenye bomba la kioo, wakauchemsha juu ya taa ya spiriti. Kabula alikuwepo. Anasema ulitoka bluu, ukawa kijani, ukawa njano, ukaishia rangi ileile ya soda ya machungwa. Daktari akawaonyesha wote, kisha akaita dripu ya maji ya chumvi na sindano ya insulini. Ilikuwepo chupa moja. Kila nikipita dirisha la dawa pale hospitali, ile chupa moja naikumbuka.

Nilipozinduka vizuri, uso wa kwanza ulikuwa wa Kabula. Nikangoja anikumbatie. Akasema, "Yaani nimekaa benchi la nyuma kanisani tangu pamba inauzwa, kwa ajili ya mkojo?"

Nikasema ndiyo.

"Ungeniambia ningefua."

Halafu akalia, akacheka, akalia tena, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kama nimekufa.

Mambo ya kitaalamu sitaandika, siyajui. Lakini moja alilosema daktari nitaliandika kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali sindano, na wengi wanaikataa hapohapo. Mimi nilikuwa nimekataa. Kwetu mtu akianza kuchomwa kila siku watu wanaanza kugawana mbuzi zake. Daktari akaja kitandani, baba yupo, Shija yupo. Akasema nyuma ya tumbo kuna kitu kinaitwa kongosho, na ndani yake kuna seli ndogondogo ambazo kazi yake ni kutengeneza insulini, ile inayoitoa sukari kwenye damu na kuipeleka mwilini ikafanye kazi. Zangu zilikuwa na udhaifu tangu mwanzo, pengine ni urithi. Sukari ilipoanza kupanda, seli zikaambiwa zitengeneze zaidi. Zikatengeneza. Nikaziletea soda, zikaongezewa kazi. Nikaziletea asali. Zikafika mahali zinatengeneza ovyo, kazi mbovu inajaa ndani ya seli yenyewe haina pa kwenda, mpaka seli inazimia. Nyingine hufa. Nyingine zimelala tu.

Akamgeukia Shija. "Wewe una ng'ombe wa kulimia. Akilala kwenye plau unamfanyaje?"

Shija akasema, "Wapo wanaompiga."

"Wewe je?"

"Mimi namfungua nira. Plau namfunga mwingine."

"Basi sindano ndiyo huyo mwingine," daktari akasema. "Tunaazima ng'ombe wa nje, wa ndani wapumzike. Waliokufa hawarudi. Waliolala wanaweza kuamka."

Nikauliza wataamka lini. Akasema hajui. Nikauliza kama wakiamka nitaacha sindano. Akasema pengine, kwa muda. Hakunidanganya, na nilimpenda kwa hilo baadaye. Siku ile nilimchukia.

Daktari akatoka. Baba akasema, "Sindano nitachoma mimi." Baba yangu amechoma ng'ombe sindano za dawa tangu siku za majosho ya serikali. Nesi alimfundisha kipimo, hakuhitaji kufundishwa mkono. Kwa hiyo mimi, mwanaume mzima, niliporudi nyumbani nilikuwa nachomwa na baba yangu asubuhi na jioni. Anabana nyama ya paja, anachapa ulimi mdomoni kama anavyomtuliza ndama, tsk tsk, na kabla sijajiandaa ameshamaliza. Mara ya kwanza alinipiga kofi dogo mgongoni kuniruhusu niondoke. Nikaondoka. Hakunitajia tena yule karani wa kituo cha jirani, wala hakusema alikosea kunipeleka Meatu. Alichoma tu, bila kukosa hata siku moja, mpaka nilipojifunza mwenyewe.

Kabula alichemsha bomba la sindano, nalo la kioo, kwenye sufuria ambayo hakuna mtu mwingine aliruhusiwa kuigusa. Dawa tuliihifadhi kwenye chungu kilichozikwa kwenye mchanga wa kumwagiwa maji, kwenye kona ya jikoni, palepale nilipokuwa nalala na majani yangu. Dawa ikiisha tulikuwa tunatuma mtu Mwanza, kwenye maduka ya watu binafsi, na kuna wakati ilikosekana nikarudi wodini. Palizi nilikuwa sijasimama sawasawa. Wakati wa kuchuma nikaweza kuchuma mstari wangu. Msimu wa kuuza ulipofika nikatoboa mkanda upya, safari hii upande wa mbele, nikairudisha kamba ya Shija.

Kijijini habari ilisambaa kama nilivyoogopa. Niliitwa Pamba Mbichi, wengine wananiita hivyo mpaka leo, na watoto wangu walipigana shuleni mara kadhaa kwa ajili ya baba yao. Walipona. Yule mzee wa kuku alikuja nyumbani akiwa amekasirika kweli, anasema alitoa kuku kwa mtu aliyeikomoa kampuni, siyo kwa mkojozi. Kabula alimpa kuku mwingine. Mhoja naye alikuja, akakaa, akanywa uji, akasema habari za mvua. Kuondoka akaniachia robo ya mbuzi mlangoni. Hiyo ndiyo samahani ya shemeji yangu, na niliila yote. Na Kabula akarudi mbele kwenye kwaya. Jumapili ile niliketi katikati ya kanisa najua kila mtu ananiangalia, na alipotangulia sauti sikujali hata kidogo wananiangalia kwa nini.

Benchi la kliniki nalo ni shule, na hiyo nimeimaliza. Nilikaa sana na bibi mmoja wa Mwanhuzi, tunamwita Mayu, mguu mmoja umefungwa bendeji. Kila daktari akimuuliza anakula nini anajibu mboga za majani. Siku moja alisimama, kanga ikafunguka, matobolwa yakamwagika sakafuni, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, vitamu kuliko pipi. Tukamsaidia kuokota. Nikamwambia, "Mayu, ng'ombe wako wa ndani unawachapa." Akaniambia, "Bebe, wewe, mimi ng'ombe wangu nimewazika zamani, haya ni matanga yao." Kliniki nzima ikacheka, daktari mwenyewe alicheka. Lakini alianza kusema anachokula kweli, na mguu ule haukukatwa.

Mimi wa kwangu waliamka. Siyo wote. Baada ya mavuno mawili kipimo cha sindano kikapungua, kikapungua, nikahamishiwa vidonge, nikakaa navyo miaka kadhaa. Nilijitangaza nimepona, nikafungua soda kusherehekea, nikailipia wodini. Sasa nimezeeka na wao wamezeeka, nimerudi kwenye sindano na sijisikii nimeshindwa. Miguu imekufa ganzi kidogo, macho naazima ya Nkwimba. Michembe, viazi vya kukata na kuanika, nakula vipande vichache tu, naviangalia kwanza kama mtu anayeaga.

Wewe uliyebana mapaja kwenye benchi, unayekunywa maji mpaka watoto wanakushangaa, unayeanika godoro nyuma ya nyumba: daktari atakuuliza swali. Mjibu. Hayo mengine nimeyasema ili kufika hapo.

Limebaki moja. Msimu uliofuata kampuni nyingine ilinipa kazi kidogo, siyo ya kulinda, wameshasikia. Tulikuwa tumekaa na Shija nje ya kituo, yeye anashona. Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu wodini. Alijua tangu lini?

Akasema siku ileile. Harufu alisikia wakati anashindilia, na sisimizi walithibitisha.

"Kwa nini hukusema?"

Alivuta uzi mpaka ukakaza, akaupitisha tena. Akasema, "Nilikuona umechagua kuwa mwizi, nikasema ana sababu zake, nimlindie." Akashona tundu moja, mawili, bila kunitazama. "Ungekufa, Masalu, tungekuzika. Na msibani wangeniita mimi niseme, maana ndimi rafiki. Ningesimama mbele ya watoto wako, nijue ukweli, niseme marehemu alikuwa mwizi. Kwa hiyo siku nyingine ukikojoa, uniambie."